Kwa Nini Nundu Haiui Mwembe

Ndugu msomaji, barua iliyonikalisha kitako juma hili imeandikwa na mama mmoja wa Temeke, ambaye jina lake silitaji kwa sababu utakazozielewa mwenyewe. Anaeleza kwamba yapata miezi minne iliyopita, alipokuwa akioga, mkono wake ulipapasa kijivimbe katika titi la kushoto: kigumu, cha ukubwa wa punje ya kunde, kisichouma hata akikibonyeza. Mumewe hajui. Wifi yake anajua, naye amemwonya asikipeleke kwa daktari, kwani uvimbe ukichokozwa kwa kisu hukasirika ukaenea mwili mzima. Kisha mama huyu anauliza swali ambalo nimelirudia moyoni kila nilipopita chini ya mti: "Uani kwetu pana mwembe wenye nundu kubwa kama kichwa cha mtoto. Nilipoolewa niliikuta, na mwembe huzaa kila mwaka. Ikiwa mti huishi na nundu yake, kwa nini mimi nisiishi na yangu?"

Sikucheka niliposoma maneno hayo, nawe nakusihi usicheke. Mama huyu ameuliza jambo ambalo wataalamu wa mimea na wataalamu wa saratani wamelishughulikia miaka mingi katika maabara zao. Lakini kwa kuwa mwenye hofu hapaswi kuwekwa mlangoni mpaka hadithi iishe, nitatanguliza jibu la haraka: Mama, nenda hospitali juma hili, usingoje kiume kwanza. Vijivimbe vingi vya matiti si saratani. Hata hivyo hakuna awezaye kuvitofautisha kwa kuvipapasa bafuni, na kutouma si dalili ya usalama. Sasa tuketi tulitazame hilo la mwembe.

Twende kwanza jikoni. Kila aliyewahi kuvundika ndizi anajua kwamba mkungu mbichi ukifunikwa kwa majani makavu pamoja na ndizi mbili tatu zilizokwisha kuiva, huiva upesi kuliko ukiachwa wazi. Bibi zetu walilijua jambo hili pasipo kitabu. Kinachopita kutoka ndizi moja hadi nyingine ni hewa iitwayo ethilini, ambayo mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alithibitisha kuwa hutolewa na matunda yenyewe yanapoiva. Moshi nao una ethilini kidogo, na ndiyo maana wako wanaovundika kwa moshi. Hewa hiyo haina joto la kuipika ndizi wala utamu wa kuitia. Kazi yake ni kupeleka habari. Chembe yake ndogo mno hunasa katika kipokezi kilichomo ndani ya ndizi, mfano wa ufunguo uingiavyo katika kitasa chake, na hapo ndizi yenyewe huanza kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari.

Ukitoka jikoni ukaingia bustanini utakuta mazungumzo mengine. Ukichuma ncha ya mchicha, baada ya siku chache matawi hutokeza ubavuni. Ncha ile changa ilikuwa ikitengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo huteremka katika shina ikiyaamuru machipukizi ya ubavuni yalale. Umeiondoa ncha, amri imekatika, nayo machipukizi yameamka. Kila mama achumaye mboga nyuma ya nyumba anaingilia mawasiliano hayo bila kujua, na watoto wanakula.

Mwili wako, ndugu msomaji, unaendeshwa kwa barua za namna hiyo hiyo. Una seli, yaani chembe hai, zipatazo trilioni 30, na seli iliyo nzima haijiamulii mambo peke yake. Iko ishara ya kuiambia igawanyike ziwe mbili, iko ya kuiambia itulie, iko ya kuiambia ihame, na ajabu ya yote, iko ya kuiambia ife kwa manufaa ya wenzake. Vidole vyako viliachana ulipokuwa tumboni mwa mama yako kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zilipokea ishara hiyo ya mwisho, zikaitii.

Hiyo ya kuhama ndiyo hasa nataka uitazame, maana swali la mama yetu limejificha humo. Mtoto akianguka akajikwaruza goti, zile chembe za damu zinazosaidia kuigandisha humwaga papo hapo protini za kuita msaada. Seli nyeupe za kinga hufika mapema, zikifuata wito huo kutoka mahali ulipo hafifu kuelekea mahali ulipo mkali, kama siafu wafuatavyo harufu ya mafuta mpaka kabatini. Kisha seli za ngozi zilizoko ukingoni mwa jeraha hulegeza vishikizo vilivyozifunga kwa jirani zake, hunyoosha mbele kitu mfano wa unyayo mpana, hushika chini, hujivuta, hunyoosha tena. Mwendo wenyewe ni wa kobe mgonjwa, aghalabu chini ya milimita moja kwa siku. Zikikutana na zile zinazotoka upande wa pili husimama na kushikana mikono upya. Kigaga kinapodondoka, chini yake pana ngozi mpya.

Hata kabla ya kuzaliwa tulikuwa wasafiri. Seli zinazoitia ngozi yetu rangi zilianza safari mgongoni pa kiinitete, zikatambaa pande zote mpaka zikaenea mwili mzima, kila moja ikiongozwa na ishara zilizowekwa njiani. Binadamu asiye na seli zinazotembea hawezi kuumbika, na akiumbika hawezi kupona hata mkwaruzo. Likumbuke hili, kwa maana balaa tutakayoizungumza inatokana na uwezo huu huu mwema.

Habari za barua hizi tunazijua kwa juhudi za watu wengi, lakini mmoja sipendi nimpite. Rita Levi-Montalcini alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1909. Mwaka 1938 serikali ya kifashisti ilipotunga sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi alinyimwa nafasi ya kufanya kazi katika chuo kikuu, naye akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akachunguza viinitete vya kuku ndani ya mayai huku vita vikirindima nje. Baada ya vita, mwaka 1947, alikwenda St. Louis, Marekani. Huko alipandikiza uvimbe wa panya katika kiinitete cha kuku, akaona mishipa ya fahamu ikikimbilia uvimbe ule kama mizizi ikimbiliayo maji. Hata uvimbe ulipowekwa mbali, usiguse mwili wa kifaranga, mishipa ilizidi kukua. Akaelewa kwamba uvimbe ulikuwa ukitoa kitu kinachosafiri katika damu, kitu chenye habari ya kukua.

Mwenzake Stanley Cohen alikitafuta kitu hicho mpaka akakibaini kuwa ni protini, na katika kutafuta akakumbana na nyingine asiyoitarajia. Vitoto vya panya alivyovidunga maji ya tezi za mate za panya wakubwa vilifumbua macho siku kadhaa kabla ya wakati wake, kwa kuwa protini hiyo ya pili iliihimiza ngozi ya kope ikomae. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Bibi Rita aliishi miaka 103.

Sasa tuuangalie uvimbe. Watu wengi hudhani saratani ni mdudu aliyeingia mwilini kutoka nje akakaa akila. Virusi fulani vinaweza kuianzisha, ni kweli, lakini seli za saratani zenyewe ni seli za mgonjwa, zinazosikia amri ambayo haikutumwa na yeyote. Kipokezi cha ile protini ya Cohen kina ndugu yake aitwaye HER2, ambaye hukaa juu ya seli za matiti kwa kiasi. Katika saratani ya matiti, wagonjwa wapatao 15 hadi 20 katika kila 100 wana seli zilizojiwekea vipokezi hivyo kupita kiasi, hata zikawa kama nyumba yenye masikio kila ukuta, isikiayo mnong'ono ikadhani ni mwito wa mbiu. Mwaka 1982 watafiti walibaini kosa la namna nyingine katika saratani ya kibofu cha mkojo: herufi moja tu ilikuwa imebadilika katika jeni iitwayo RAS. Jeni hiyo hutengeneza kitu mfano wa swichi ya kengele ya mlangoni. Herufi ile ilipobadilika, swichi ilikwama, na kengele ikalia mchana na usiku ilhali mlangoni hapana mgeni. Kosa moja pekee kwa kawaida halitoshi. Hurundikana makosa kadhaa kwa miaka, na hiyo ni sababu mojawapo ya saratani nyingi kuwaandama zaidi watu wazima.

Na mti je? Nundu za miti zina sababu nyingi, wadudu na kuvu wakiwamo, nami sijauona mwembe wa Temeke hata niseme wake ni upi. Lakini iko nundu moja ya mimea iliyochunguzwa kuliko zote. Huota karibu na shina, katika miwaridi, mizabibu na mimea mingine mingi, na mwaka 1907 Erwin Smith na Charles Townsend huko Marekani walionyesha kwamba huletwa na bakteria wa udongoni aingiaye kupitia jeraha. Ikawa inadhaniwa kwamba bakteria akiondoka, nundu itakoma.

Katika miaka ya 1940, Armin Braun alilijaribu jambo hilo kwa mmea ambao bila shaka umeuona: kile kichaka kifupi cha maua mekundu hafifu au meupe, yenye vipande vitano, kinachoota hata kwenye nyufa za saruji na kandokando ya makaburi. Asili yake ni Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Braun alichanja mashina yake, akatia bakteria, kisha akaiweka mimea katika joto kali ambalo mmea huo hulistahimili lakini bakteria hufa. Bakteria walikufa, nundu ikaendelea kukua. Alipokichukua kipande cha nundu akakilisha katika chupa bila homoni yoyote, kiliendelea kukua vile vile, ilhali kipande cha mmea mzima hakiwezi kufanya hivyo.

Fumbo lilikaa miaka thelathini. Mwaka 1974, mjini Ghent, Ubelgiji, Jozef Schell na Marc Van Montagu pamoja na wenzao waligundua kwamba bakteria hao hubeba kikuku cha jeni kilicho kando ya jeni zao nyingine. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake, mjini Seattle, wakaonyesha kwamba kipande cha kikuku hicho huingizwa ndani ya seli za mmea na kubaki humo. Na kipande hicho kina nini? Kina maagizo ya kutengeneza auksini, ile ile iliyolaza machipukizi ya mchicha wako, pamoja na homoni ya pili inayohimiza seli zigawanyike. Bakteria, kwa ujanja wa ajabu, huiandikia seli ya mti barua ya uongo, huiweka ndani ya makabati yake, na huongeza humo maagizo ya kumpikia yeye chakula chake. Mgeni kama huyo hata nyumba za kupanga za mjini hazijapata kumwona.

Kwa hiyo mama yetu ameona sawasawa. Nundu ya namna hiyo na uvimbe wa saratani ni jamaa: pande zote mbili seli zinatii amri isiyo ya haki, zinagawanyika pasipo haja. Tofauti iko mahali pamoja. Seli ya mmea imejengewa ukuta mgumu pande zote, na ukuta huo umegundishwa kwa ukuta wa jirani. Ukiziacha seli za uzazi, seli ya mti hufa pale pale ilipozaliwa. Haina unyayo wa kunyoosha, wala mti hauna damu ya kuichukua seli kutoka tawi hili hadi lile. Nundu inaweza kuwa kubwa kama kichwa cha mtoto, au kama mtoto mwenyewe, lakini inabaki ilipo, huku majani yakiendelea kupata maji na jua. Mche mchanga uliozungukwa na nundu shinani huweza kudumaa hata ukafa, ila huo hufa kwa kukabwa. Nundu ya tawini haishuki mizizini.

Seli ya titi haina ukuta. Ina vishikizo tu, na inao uwezo wa kale wa kutembea, ule ulioiumba na unaoponya magoti ya watoto. Makosa yanapozidi, seli ya saratani hukumbuka kutembea wakati ambapo hapana jeraha. Hulegeza vishikizo, hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha utando uliozunguka mahali pake, hupenya katika mishipa ya limfu au ya damu, na kuchukuliwa. Nyingi hufa njiani. Chache zinazonusurika hutia nanga mahali pengine na kuanza upya. Kijivimbe kilichoko ndani ya titi, hata kikikua, hakizuii pumzi wala hakiharibu damu. Wanaokufa kwa saratani ya matiti aghalabu hufa kwa sababu ya zile zilizohama, zikakaa katika mapafu, ini, mifupa au ubongo.

Wala hazitui ovyo. Mwaka 1889 daktari wa Kiingereza Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona kwamba ini lilivamiwa mara nyingi na wengu mara chache, ingawa vyote viwili hupitiwa na damu. Akasema ni mambo ya mbegu na udongo. Mwaka 2001 watafiti walieleza sehemu ya siri hiyo. Seli nyingi za saratani ya matiti hubeba kipokezi kiitwacho CXCR4, na ishara inayolingana nacho hutolewa kwa wingi na mapafu, ini, uboho wa mifupa na tezi za limfu. Ni ishara ile ile inayotumika kuziongoza seli za kinga. Msafiri mwovu anafuata vibao vya barabara vilivyowekwa kwa ajili ya askari.

Wifi yako, mama, ametaja hofu ambayo nimeisikia vibarazani mara nyingi, na sitaki kumvunjia heshima. Nadhani inatokana na jambo la kweli lililotafsiriwa kinyume. Watu huona mgonjwa amepasuliwa, na baada ya miezi amefariki, nao hukilaumu kisu. Mara nyingi mgonjwa huyo alifika baada ya mwaka au miwili ya kuficha, seli zikiwa zimekwisha kuhama zamani. Daktari akichukua kinyama kidogo kwa sindano kwa utaratibu unaostahili, hatari ya kueneza ugonjwa ni ndogo mno, na haiwezi kupimwa mizani moja na hatari ya kuuacha uvimbe ujiendee.

Kinyama hicho kina faida nyingine ambayo mama zetu hawakuwa nayo. Kikipelekwa maabara kikaonekana kuwa ni saratani, husomwa ili ijulikane seli zinasikiliza barua ipi. Zikiwa zinasikiliza homoni ya kike iitwayo estrojeni, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi, iko dawa ya vidonge iitwayo tamoxifen, iliyoanza kutumika miaka ya 1970, ambayo hukaa katika kipokezi ili estrojeni ikose mahali pa kuingia. Zikiwa na HER2 nyingi, iko trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, nayo huviziba vile vipokezi vya kupita kiasi na kuiita kinga ya mwili. Nakiri kwamba hiyo ya pili ni ghali, na si kila hospitali inayo. Lakini uvimbe ulio mdogo na ambao haujahama mara nyingi hukatwa ukaondolewa, ukaongezewa tiba nyingine kadiri daktari atakavyoona.

Na kile kichaka cha Bukini alichokitumia Braun? Katika miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer huko Kanada waliyachunguza majani yake kwa sababu huko Jamaika yalisemekana kuponya kisukari. Kisukari hakikushuka, bali seli nyeupe za damu ndizo zilizopungua. Dawa mbili zikapatikana humo, vinblastine na vincristine, ambazo huharibu nyuzi ndogo ambazo seli huzihitaji ili igawanyike. Vincristine hadi leo huwatibu watoto wenye saratani ya damu, na wenye ule uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958. Usiende kuyachemsha majani hayo nyumbani, tafadhali. Ni sumu, na kipimo kinachoua kiko karibu mno na kipimo kinachotibu.

Turudi Temeke. Mama, anza na hospitali iliyo karibu nawe, useme wazi kwamba umeona uvimbe katika titi na ni wa miezi minne. Utapapaswa titi na kwapa, kwa kuwa tezi za kwapani ndizo kituo cha kwanza cha seli zinazohama. Huenda ukapigwa picha, na ikibidi utachukuliwa kinyama kwa sindano. Ikionekana ni lazima, utapewa barua ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road. Uliza majibu ya kinyama yatatoka lini, uiandike tarehe hiyo, na siku ikifika urudi hata kama umeambiwa utaitwa.

Mwishoni mwa barua yako umeuliza pia namna ya kumwambia mumeo, ambaye umesema hasomi jambo lolote Jumapili isipokuwa kurasa za michezo. Zikunje kurasa hizo ndani ya ukurasa huu, umpe na chai yake.